Mzaha Ofisini: Sehemu ya Pili

Katika sehemu iliyotangulia tulitaja aina za mizaha isikikayo katika maofisi yetu. Leo yatupasa kuuliza swali lililo gumu zaidi, nalo ni hili: kwa nini neno lile lile, litamkwapo na karani wa masijala, huwafanya watu washike mbavu, na litamkwapo na mkuu wa idara huwafanya watazame chini na kupekua karatasi zisizohitaji kupekuliwa?

Jawabu, kwa rai yangu, limo katika utani, ada ambayo watu wa Tanganyika waliijua kabla ya kuwako dawati la kwanza la serikali. Wangoni na Wahehe, waliopigana vita vikali katika karne ya 19, waligeuka kuwa watani. Kadhalika Wanyamwezi, waliokuwa wakishuka pwani kwa misafara ya miguu na shehena za pembe za ndovu, walifungamana kwa utani na Wazaramo, ambao nchi yao ilikuwa njia ya misafara hiyo. Mtani alikuwa na idhini ya kumtukana mwenziwe, kumpokonya kitu chake, hata kuingia kaburini siku ya maziko na kukataa kutoka mpaka apewe chochote, na aliyetaniwa hakuwa na ruhusa ya kukasirika. Walakini mtani huyo huyo ndiye aliyeshika jembe la kuchimba kaburi hilo, na wengi wausifuo utani leo husahau nusu hii ya habari.

R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, aliwaacha ndege wake kwa muda akaandika juu ya utani wa Tanganyika katika miaka ya 1940. Na mwaka wa 1940 mwanachuoni Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown aliupambanua utani katika namna mbili: ule ambao kila mmoja humtania mwenziwe, na ule ambao mmoja hutania na mwingine hupokea akanyamaza. Ofisi, kwa kuwa imejengwa juu ya vyeo, huelekea upesi kwenye namna hii ya pili. Mkuu avichekapo viatu vya tarishi mbele ya watu, tarishi naye hucheka, maadamu fomu yake ya likizo ingali mezani kwa mkuu haijatiwa saini. Na kicheko hicho mimi nakihesabu kuwa kodi.

Tazama sasa asubuhi ya Jumatatu, baada ya Simba na Yanga kukutana. Vilabu hivi vya Dar es Salaam, Yanga ya 1935 na Simba ya 1936, huitwa watani wa jadi, na jina hilo linastahili, kwani kila aliyefungwa ana yakini kwamba zamu yake ya kucheka itarudi. Hapo mhasibu huandika barua nzito ya kiserikali, yenye Kumb. Na. na Yah., akiwataka walioshindwa wawasilishe machozi yao kwa nakala tatu kabla ya saa sita mchana, na afisa mwandamizi, ikiwa timu yake ndiyo iliyolala, hujibu pembeni kwa wino mwekundu, "Nimeona. Tuombe nyongeza ya muda." Huu ni upuuzi mtupu, nami naupenda, kwa sababu lugha ya ofisi, iliyotuelemea mwaka mzima, kwa dakika chache hutumikia furaha yetu, na mwenye cheo na asiye nacho hupigana kwa silaha moja.

Hata hivyo karatasi ile isifike masijala. Utani wa kinywa hufa jioni, ilhali kilichotiwa ndani ya jalada huishi, kikaja kusomwa na mkaguzi asiyejua nani alifunga bao. Tena yuko raia aliyesimama dirishani akifuatilia cheti cha kifo cha mzazi wake: hana utani nasi, na kila kicheko kitokacho nyuma ya kioo hudhani kinamhusu yeye.

Ama matusi ya nguoni, ambayo ada iliyaruhusu baina ya watani, sioni njia ya kuyapa kibali ofisini, hususan mbele ya wanawake ambao hakuna aliyewauliza kama wameukubali utani huo. Habari yao ni ndefu, nami nitaieleza, inshallah, katika sehemu ya tatu.