Usalama Viwandani: Funzo la Bomba la Muda

Kamba nyingi za nailoni zinazouzwa madukani zina asili yake katika kimiminika kiitwacho saikloheksani. Hiki ni haidrokaboni kama ilivyo petroli, na hushika moto upesi.

Kiwandani, kimiminika hicho hupashwa moto ndani ya matangi ya chuma yenye shinikizo, kisha hewa hupulizwa ndani yake. Oksijeni iliyomo hewani huungana nacho na kutoa malighafi ya nailoni.

Kazi hii haitaki pupa. Oksijeni ikizidi, hata zao lililokwisha kupatikana huharibika. Hivyo, katika kila mzunguko ni asilimia chache tu inayobadilishwa, na kinachobaki hurudishwa mwanzo. Ndiyo sababu tani nyingi za kimiminika moto huzunguka mtamboni kila saa.

Mkasa wa Flixborough

Kiwanda kimoja huko Flixborough, Uingereza, kilikuwa na matangi sita yaliyounganishwa kwa mfululizo. Mwezi Machi 1974, tangi la tano lilipatikana na ufa. Liliondolewa, na bomba la muda likaunganisha la nne na la sita ili uzalishaji uendelee. Bomba hilo halikupigiwa hesabu ipasavyo. Mchoro wake ulichorwa kwa chaki kwenye sakafu ya karakana.

Jumamosi, tarehe 1 Juni 1974, bomba hilo lilikatika. Wingu la mvuke lilitanda na kulipuka. Watu 28 walifariki na 36 wakajeruhiwa kiwandani. Ingekuwa siku ya kazi, ofisi zikiwa na watu, vifo vingekuwa vingi zaidi.

Mbinu bora

Zipo njia za kuboresha kazi hii. Mojawapo ni kuongeza asidi ya boriki, ambayo hushikana na zao linalohitajika na kulikinga lisiharibiwe na oksijeni. Nyingine ni kuchanganya hewa na kimiminika vizuri zaidi ili matangi madogo yatosheleze kazi. Baada ya mkasa huo, mtaalamu Mwingereza Trevor Kletz alisisitiza kwamba kinga bora ni kupunguza kiasi cha kemikali hatari kilichomo mtamboni.

Sheria inasemaje hapa nchini?

Funzo la Flixborough linahusu kila karakana, bohari ya mafuta na kituo cha petroli: kifaa cha muda kinahitaji ukaguzi sawa na cha kudumu.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake mara moja anapoona hatari kubwa kazini. Mwajiri naye haruhusiwi kumlazimisha arudi palipo na hatari hiyo kabla haijarekebishwa. Mfanyakazi anayeona bomba likivuja au kiungio kimelegea asisubiri zamu iishe.