Tequila: Siri ya chupa imo katika maandishi madogo

MGENI anayeingia katika mkahawa wenye baa ya tequila mjini Guadalajara, makao makuu ya jimbo la Jalisco nchini Mexico, hupokewa na ukuta wa chupa. Zimepangwa nyuma ya kaunta safu juu ya safu, nyingine za bei nafuu, nyingine za bei inayotosha kulipia kodi ya nyumba. Zote zimeandikwa tequila. Asiyejua huchagua kwa umbo la chupa, na hapo ndipo fedha hupotea.

Sheria za Mexico zinatambua aina mbili za kinywaji hiki. Ya kwanza hutokana na sukari ya mmea wa agave ya samawati pekee, na chupa yake huandikwa "100% de agave". Ya pili huruhusiwa kuchanganywa na sukari kutoka kwingineko, kama vile miwa, mradi isizidi asilimia 49. Wenyeji huiita mixto, lakini neno hilo halionekani kwenye chupa. Kwa hivyo mnunuzi hana budi kuangalia kisichoandikwa: yasipokuwepo maneno hayo ya asilimia mia moja, basi ajue amepewa mchanganyiko.

Aidha, kila chupa halali huwa na herufi NOM zikifuatwa na nambari ya kiwanda kilichoitengeneza. Kiwanda kimoja huweza kutengeneza tequila za majina mengi, hivyo si ajabu chupa mbili zenye bei tofauti kabisa kuwa na nambari ile ile.

Jina lenyewe limelindwa tangu mwaka wa 1974. Tequila ni mji mdogo ulioko Jalisco, na kinywaji hicho kinaweza kutengenezwa katika jimbo hilo na sehemu za majimbo mengine manne tu: Guanajuato, Michoacán, Nayarit na Tamaulipas.

Wengi hudhani agave ni aina ya dungusi. La hasha. Msomaji wa Taita Taveta au Kilifi amemwona binamu yake maisha yake yote, kwani mkonge nao ni agave na asili yake ni Mexico. Mjerumani Richard Hindorf ndiye aliyeuleta Tanganyika mwaka wa 1893. Tofauti ni kwamba mkonge huthaminiwa kwa majani yake yanayotoa nyuzi, ilhali huko Jalisco majani hukatwa yakatupwa na kitakiwacho ni kitovu cha mmea.

Kitovu hicho huitwa piña, yaani nanasi, kwa kuwa kinafanana nalo kikishapunguzwa majani. Huwa na uzani wa kilo 30 na zaidi. Mvunaji, ambaye huitwa jimador, hukichonga kwa coa, chombo chenye bapa la mviringo na mpini mrefu, kazi inayohitaji nguvu na shabaha kwa pamoja. Piña huokwa, ikasagwa, maji yake yakachachushwa, kisha yakachemshwa mara mbili na mvuke wake kukusanywa, mbinu ambayo wapikaji wa chang'aa hawahitaji kufunzwa. Lita moja ya tequila halisi huhitaji takriban kilo saba za agave.

Ugumu uko katika kusubiri. Agave huchukua miaka sita hadi minane kukomaa na huvunwa mara moja tu, kisha shughuli huanza upya. Mkulima hupanda leo akitazama bei ya leo, bila kujua soko litakuwaje atakapovuna. Kufikia mwaka wa 2022 bei ya kilo moja ilikuwa imepanda hadi karibu peso 30. Watu wengi wakakimbilia kupanda, na mimea yao ilipokomaa, bei ikaporomoka vibaya kufikia 2024. Wakulima wadogo waliumia. Bei ya glasi baani, hata hivyo, haikushuka kwa kiasi hicho.

Popo nao wameathirika. Wao hula maua ya agave na kuchavusha mimea, lakini mkulima hukata shina la ua mapema ili sukari isipotee. Wapo wakulima ambao sasa huacha sehemu ndogo ya mashamba yao ichanue.

Tukirudi mezani, tequila ya blanco ndiyo yenye ladha ya mmea wenyewe. Reposado hukaa katika mapipa ya mwaloni kwa angalau miezi miwili, añejo angalau mwaka mmoja, na extra añejo, daraja lililoanzishwa mwaka wa 2006, angalau mitatu. Kuagiza añejo ghali kisha kuichanganya katika margarita ni kutupa fedha, kwa sababu ndimu na chumvi huifunika ladha iliyolipiwa. Jalisco, tequila nzuri hunywewa taratibu, mara nyingi pamoja na sangrita, kinywaji cha maji ya matunda na pilipili kisicho na kileo. Yule mdudu anayesimuliwa na watalii hutiwa katika baadhi ya chupa za mezcal, si za tequila.

Tumbo tupu si rafiki wa kinywaji hiki, na chakula cha Mexico kinastahili heshima yake. Tortilla, chapati nyembamba ya mahindi, huanzia kwenye sufuria ya maji ya chokaa. Mahindi huchemshwa humo, yakalazwa usiku kucha, yakaoshwa na kusagwa yangali na maji. Chokaa hulegeza maganda na kuufanya mwili uweze kutumia vitamini ya niasini iliyomo. Mahindi yalienea duniani kutoka Mexico, lakini maarifa hayo yakabaki nyuma, na jamii za Italia na kusini mwa Marekani zilizoyategemea zikapatwa na maradhi ya pelagra. Tortilla hiyo hukunjiwa nyama ikawa taco. Taco za al pastor, ambazo nyama yake huzungushwa kwenye chuma kando ya moto, zimetokana na mapishi ya wahamiaji kutoka Lebanon.

Mgeni asikasirike akiona bili haiji. Huko mhudumu huona ni utovu wa adabu kumletea mteja bili kabla hajaiitisha. Bahashishi ya asilimia 10 hadi 15 kwa kawaida huwa haijajumuishwa.