Mabati yapo, kiwanja hakuna: Waliorejea watafuta makazi Gitega

UKIVUKA mpaka wa Kobero na kushika njia ya Muyinga na Karusi kuelekea Gitega, utaona mashamba yameshikana kilima kwa kilima. Burundi ina kilomita za mraba 27,834 tu. Sensa ya mwaka 2008 ilihesabu watu milioni 8 na ushei. Ile ya mwaka 2024 ikakuta wamepita milioni 12.

Nyamugari ni jina linalosikika Muyinga na Gitega pia. Tunayoizungumzia hapa ni ile ya Gitega, mtaa wa mjini ulio jirani na mitaa kama Shatanya na Magarama. Huku ndiko anakoangukia mtu aliyerudi kutoka Tanzania akakuta shamba la baba yake lina mwenyewe mwingine.

Na waliorudi si haba. Baada ya Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000, wakimbizi wapatao nusu milioni walirejea, wakiwemo waliokimbia mwaka 1972. Kambi ya Lukole wilayani Ngara ilifungwa mwaka 2008, Mtabila ya Kasulu Desemba 2012. Kisha machafuko ya mwaka 2015 yakawakimbiza wengine, na tangu Septemba 2017 zaidi ya 200,000 wamesharudishwa kutoka Tanzania.

Katika wimbi la kwanza, utaratibu wa misaada ulikuwa mwepesi kueleweka: mwenye nyumba afyatue matofali mabichi, yaani rukarakara, ainue kuta, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa limpe mabati, mbao na milango. Ulifaa kilimani, kwa mwenye ardhi. Asiye na ardhi angeinua kuta wapi? Huyo huishia kupanga chumba mjini.

Mjini kuna jambo jingine linalomvuta: lugha. Aliyezaliwa na kusomea Katumba au Ulyankulu anaongea Kiswahili kuliko Kirundi, na Kifaransa hakijui kabisa. Gitega lugha hiyo si ngeni. Wajerumani walipohamishia makao yao hapa kutoka Usumbura mwaka 1912, Kiswahili cha askari na wachuuzi kilikuja nao.

Januari 2019 Bunge lilipitisha sheria iliyoifanya Gitega kuwa makao makuu ya kisiasa, Bujumbura ikabaki na biashara. Tangu hapo mpangaji wa Nyamugari anagombea kiwanja na mtumishi wa serikali mwenye mshahara. Mfanyabiashara wa mpakani naye anaweka akiba yake kwenye matofali, maana faranga imekuwa ikipoteza thamani. Hatumlaumu, lakini kila anaponunua, mpangaji anasogezwa pembeni.

Ndipo watu wanaponunua kwa pupa, kwa karatasi ya kuandikiana mbele ya mashahidi wawili. Sheria ya ardhi ya Agosti 2011 inatambua hati ya ardhi inayotolewa na ofisi ya ardhi ya tarafa. Kabla ya kutoa hata faranga moja, uliza hapo. Uliza pia kwa wazee wa mtaa kama kiwanja hicho hakina kesi ya mkimbizi wa 1972. Tume ya ardhi na mali, iliyoundwa mwaka 2006, ilifikia ukomo wake mwaka 2022. Mgogoro sasa ni wa mahakamani, na mahakamani kunataka nauli na subira.

Anayeumia zaidi ni mjane. Mila humpa ardhi mtoto wa kiume. Mwanamke aliyefiwa na mume uhamishoni anarudi kwa shemeji zake, na shemeji wana watoto wao. Akijaliwa kununua kipande Nyamugari kwa faida ya kuuza mchele, ahakikishe hati imeandikwa jina lake mwenyewe, si la kaka wala la mwanawe mkubwa.