Kumpiga mtoto mswaki: anza na jino la kwanza

Huenda umewahi kuambiwa, "Meno ya utoto yatang'oka tu, ya nini kuhangaika?" Lakini meno hayo 20 humsaidia mtoto kutafuna na kutamka maneno, na hushikilia nafasi ya meno ya ukubwani. Magego ya utoto hukaa mpaka miaka 10 hadi 12. Yakioza mapema, mtoto huumwa, hukosa usingizi na hukataa chakula.

Uanze lini?
Kwa watoto wengi jino la kwanza huota karibu na miezi 6. Likichomoza tu, anza kwa mswaki mdogo wenye nywele laini.

Dawa ya meno kiasi gani?
Tumia yenye madini ya floridi, kwa sababu huimarisha jino.
- Chini ya miaka 3: kiasi cha punje ya mchele.
- Miaka 3 hadi 6: kiasi cha punje ya njegere.

Usizidishe. Akimeza nyingi kila siku, meno ya ukubwani yanaweza kuota na madoa. Mfundishe kutema povu.

Mara ngapi?
Mara mbili kwa siku, na usiku usikose kabisa. Mtoto akilala mate hupungua, hivyo sukari iliyobaki kwenye meno haioshwi. Usimlaze na chupa ya maziwa, juisi au chai ya sukari. Anayenyonya ziwa usiku asinyimwe. Mpige mswaki kabla ya kulala.

Akikataa je?
- Mpakate, kichwa chake kikiegemea kifua chako, ili uone meno vizuri.
- Mwimbie wimbo anaoupenda. Wimbo ukiisha, mswaki umeisha.
- Mwache ajaribu mwenyewe, kisha wewe umalizie.
- Chagua wakati mmoja, kwa mfano baada ya kuoga jioni, na usiubadilishe.
- Piga mswaki mbele yake. Watoto huiga.
- Usimtishie daktari wa meno.

Siku za mwanzo, hata sekunde chache zinatosha. Ongeza kidogo kidogo. Endelea kumsaidia hadi miaka 7 au 8, mikono yake itakapokuwa na ustadi wa kutosha.

Wahi kituo cha afya ukiona:
- madoa meupe kama chaki karibu na fizi
- madoa ya kahawia au tundu kwenye jino
- fizi kuvimba au kutoa usaha

Doa jeupe likiwahiwa, jino linaweza kuokolewa kabla halijatoboka.