Je, Wajua? Betri ya volti 12 ikisoma 12 haijajaa

Betri ya asidi ya volti 12, kama zile za sola zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, ikipumzishwa saa kadhaa kisha ikasoma volti 12.0, chaji iliyobaki ni takriban nusu au pungufu. Iliyojaa husoma karibu 12.7. Ili kuijaza, chaji kontrola, yaani kifaa kinachodhibiti uchaji, huipandisha hadi volti 14.4 hivi wakati wa kuchaji. Mnunuzi atauliza: si bora betri ya gari, mbona ni rahisi zaidi? Urahisi huo ni wa dukani tu. Sahani nyembamba zilizo ndani ya betri ya gari zimeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Taa na televisheni za usiku kucha huzichakaza upesi. Joto la Dar es Salaam nalo huongeza uchakavu, hivyo betri isiwekwe juu darini, chini ya bati.