Kangeta katika Mtandao wa Biashara ya Kimataifa

Mwanafunzi wa sintaksia anakifahamu kifundo: ni pale matawi ya mchoro wa sentensi yanapokutana. Istilahi hiyo yafaa pia kueleza jinsi wataalamu wanavyouchora uhusiano wa kibiashara baina ya mataifa. Kila nchi huwa kifundo. Kutoka kwa muuzaji hadi kwa mnunuzi huchorwa mstari wenye mshale, na unene wa mstari hulingana na thamani ya bidhaa. Hata hivyo, mchoro huu si mti. Kifundo cha mti kina mzazi mmoja tu, ilhali kifundo cha mtandao chaweza kufikiwa kwa njia nyingi.

Mfano mwafaka ni miraa ya Kangeta, katika eneo la Igembe, Meru. Miraa huchumwa, hufungwa kwa majani ya mgomba na kukimbizwa Nairobi kwa magari, kisha hupandishwa ndege. Kwa kuwa hupoteza thamani inyaukapo, umbali katika mtandao huu hupimwa kwa saa wala si kwa kilomita.

Mwaka 1962, mwanauchumi Jan Tinbergen alieleza kuwa biashara baina ya nchi mbili huongezeka kadiri chumi zao zilivyo kubwa, na hupungua kadiri zinavyotengana. Kanuni hiyo pekee haitoshi kueleza yaliyoisibu Kangeta. Uholanzi ilipiga marufuku miraa mwaka 2013. Uingereza ikafuata Juni 2014. Umbali haukubadilika, sheria ndiyo iliyofuta mistari. Aidha, London ilikuwa kifundo cha kupitishia miraa kwenda kwingineko, hivyo athari ilivuka mipaka ya Uingereza.

Mzigo ukauelemea mstari wa Somalia. Machi 2020, wakati wa UVIKO-19, Somalia ilizuia ndege za miraa, na mstari huo haukufunguliwa hadi Julai 2022. Kwa zaidi ya miaka miwili, mkulima alibaki akitegemea zaidi soko la ndani.

Funzo ni kwamba mtandao huonekana imara au dhaifu kutegemea unavyochorwa. Kenya nzima ina mistari mingi: chai, maua, kahawa, parachichi. Ukichorwa kwa zao moja, unyonge wa Kangeta hujitokeza. Wahenga walinena kuwa kamba hukatikia pabovu. Katika biashara, pabovu paweza kuwa mstari mnene kuliko yote, iwapo hauna mwenzake.