JONGOO WA MIAKA MILIONI 99

Hapa Mvara mvua ikinyesha, jongoo hutambaa njiani mwetu, nasi huwatupa kando kwa kijiti bila kuwatazama. Wahenga walinena: mtupa jongoo hutupa na mti wake.

Wataalamu wa Bulgaria na Ujerumani walitenda kinyume. Kaharabu ni utomvu wa mti uliogeuka jiwe. Katika vipande vya kaharabu vya Burma, nchi walikopigana wazee wetu wa K.A.R. mwaka 1944, walihesabiwa jongoo 529. Mmoja tu, mwenye urefu wa milimita 8.2, hakuwa na mwenzake wa oda yake miongoni mwao. Jiwe halikuvunjwa, alipigwa picha za eksirei humo humo alimonaswa, umbo lake likaonekana pande zote. Mwaka 2019 alitangazwa kuwa wa jenasi mpya, Burmanopetalum.

Ndugu askari, funzo ni letu. Jongoo huyo alitambuliwa kwa kuwa hakuna aliyemtenga na utomvu wake. Vivyo hivyo, tukikuta ganda la risasi penye uhalifu, tusiliokote ovyo: mahali lilipoangukia napo ni shahidi.